Sare Chini ya Gauni la Mama

Madan Ilarion anasimulia hivi, na kila anayesimama mezani kwake kununua ndizi za kukaanga ameshamsikia. Anasema Kethia alikuja mwenyewe hadi kwenye kizuizi cha njia panda, amevaa gauni la mama yake linaloburura chini, akasimama mbele ya matairi yanayowaka, akavua sare ya shule aliyokuwa ameivaa kwa ndani, akaitupa motoni. Hakuna aliyemgusa hata unywele.

"Kwa mikono yake miwili," anasema Madan Ilarion, na hapo huinua ya kwake, imejaa unga wa bagia za magimbi, mteja asije akasahau mikono ni kitu gani. "Kale katoto kana roho. Vijana wenyewe walikapigia makofi."

Kisha anageuza ndizi kwenye mafuta, anachota kachumbari ya kabichi, na kumuuliza mteja anataka pilipili ya kulia au ya kucheka.

Yvrose, dada yake Kethia, aliyasikia hayo mara ya kwanza akiwa kwenye foleni ya maji. Wanawake waliokuwa mbele yake walinyamaza walipomwona, lakini walikuwa wamechelewa. Alisogeza ndoo yake kila foleni iliposogea, akajaza, akajitwika, akarudi nyumbani, maana kitambaa kwenye mkono wa mdogo wake kilikuwa kimekaukia kidonda na bila kulowanishwa kisingebanduka.

Mambo yenyewe yalianzia pale pale bombani, wiki iliyotangulia, siku masista walipotuma neno.

Nchi ilikuwa imefungwa. Tangu mwezi wa tisa hakuna gari lililopita mjini Petit-Goâve bila ruhusa ya vijana wa vizuizi. Petroli ilipanda, mchele ukapanda, watu wakachoka, wakaiziba barabara kuu kwa matairi, mawe na mabodi ya magari mabovu. Shule zote zilifunga milango. Mwalimu mmoja wa ng'ambo ya mto alijaribu kufungua, akapigwa mawe yeye na madirisha yake, kwa sababu shule ikifunguka serikali itasema redioni kwamba mambo ni shwari. Sasa masista walipitisha neno kanisani, kutoka benchi hadi benchi: Jumatatu tunafungua. Watoto waje na nguo za nyumbani, sare marufuku. Madaftari yawekwe kwenye vikapu vya sokoni, chini ya mboga.

"Afadhali," alisema mwanamke mmoja pale bombani, amekaa juu ya ndoo yake. "Mimi hizi sare zimenila hadi mfupa. Wa kwanza yuko kwa masista, damu ya mzee. Wa pili kwa mapadri, kijani. Wa tatu kwa pasta, drafti za bluu. Huwezi kumrithisha mtoto sketi ya dada yake, utadhani wamezaliwa nchi mbalimbali. Na kitambaa hukipati popote isipokuwa kwenye dirisha lao wenyewe."

"Unasema hivyo kwa kuwa wako wana nguo nyingine," alijibu mwenzake. "Wangu akivua sare anabaki na fulana ya uchaguzi."

"Ya mgombea gani?"

"Aliyeshindwa."

Walicheka wote, hata Yvrose. Kisha mama mmoja wa makamo, ambaye hakucheka, alisema kwamba zamani mtoto aliyevaa sare alikuwa mtoto wa watu wote. Akianguka njiani kwa njaa, mtu yeyote atamwinua, ataangalia rangi, atajua amrudishe wapi. Siku hizi rangi hiyo hiyo ndiyo inayomwonyesha mwenye jiwe pa kulenga.

Hapo kicheko kiliisha. Kila mtu akaangalia maji.

Yvrose mwenyewe aliiacha shule alipomaliza ya msingi. Alifaulu mtihani, cheti kikaletwa, kikapigiliwa ukutani, na hapo ndipo safari yake ilipoishia, kwani baba yao alikuwa ameshavuka mpaka kwenda kujenga majumba ya Wadominika wa nchi jirani na hakuwahi kurudisha hata salamu. Aliyekuwa na kichwa chepesi zaidi alikuwa Kethia. Basi Kethia akaenda kwa masista, mama yao Alourdes akaendelea kuuza mkaa sokoni, na Yvrose akawa anafua na kupiga pasi nguo za watu. Sare ya Kethia aliipiga ya mwisho siku zote, mkaa ukiwa umetulia na pasi haina hasira.

Jumapili ile mama yao alitandaza kitandani nguo zote za Kethia. Kulikuwa na gauni lililochanika kwapani, limeshonwa, limechanika tena pembeni mwa mshono. Kulikuwa na lingine lililoshonwa kwa pazia kuukuu ambalo Madan Ilarion aliwapa aliponunua jipya.

"Siendi," alisema Kethia.

"Utakwenda."

"Mama, Daphnée atakuja na suruali ya kutoka Miami. Wote watakuja na vitu vya Miami. Mimi niende na pazia la Madan Ilarion?"

"Lile pazia lilikuwa zuri."

"Lilikuwa zuri dirishani."

Mama alicheka bila kupenda, kisha akakaa kando ya zile nguo na kuzitazama. Yvrose alijua anachofikiri. Daphnée alikuwa binti wa mwenye bohari ya saruji. Walikaa benchi moja, yeye na Kethia, na tangu siku ya kwanza alidhani baba yake Kethia anatuma vitu kutoka ng'ambo ya mpaka. Hakuna aliyemwambia hivyo. Ni sketi ndiyo iliyomwambia, marinda yake yalivyosimama, na soksi nyeupe, na kola iliyotiwa wanga. Ndani ya sketi ile mtoto wa mkaa na mtoto wa saruji walikuwa kitu kimoja, na Alourdes alikuwa tayari kulala na njaa ili iendelee kuwa hivyo. Alishalala nayo mara nyingi.

"Nitaivaa ndani," Kethia alisema. "Juu navaa gauni lako la kahawia, mama, lile pana. Nikifika getini nalivua. Wataona sikupata ujumbe, basi."

Mama alimtazama Yvrose. Ilikuwa desturi yake kumtazama Yvrose panapokuwa na jambo ambalo yeye ameshalikubali moyoni lakini anataka mtu mwingine alibebe.

"Ukiulizwa njiani?" Yvrose alisema.

"Nampelekea shangazi mboga."

"Shangazi gani?"

"Wewe ndiye utakayeniuliza, dada, au ni wao?"

Yvrose akaenda kuwasha mkaa wa pasi.

Walishughulika jioni nzima, na lazima isemwe kwamba walishughulika kwa furaha. Yvrose alinyoosha marinda moja moja, akaipandisha sketi kwa pini ili isichungulie chini ya gauni. Kola waliikunjia ndani. Viatu vilipakwa majivu vionekane vya kuchota maji. Soksi zilifichwa kikapuni ndani ya mchicha, pamoja na madaftari. Mama, akiwa amembana Kethia katikati ya magoti kama kila Jumapili, alimsuka mistari minne, akamalizia kila msuko kwa utepe mweupe, akaufunga kipepeo, akauvuta usimame.

Walikuwa watatu chumbani na hakuna aliyeziona zile tepe. Tangu Kethia ana miaka sita hakuwahi kulala Jumapili bila tepe nyeupe, kwa kuwa masista hawamruhusu msichana kuingia darasani kichwa kitupu. Zilikuwa zimekuwa kama masikio yake. Mtu akimficha mtoto hakumbuki kumficha masikio.

Asubuhi Yvrose alitaka kumsindikiza, Kethia akakataa. Alisema wakiwa wawili itaonekana ni safari, akiwa peke yake ni mtoto ametumwa. Yvrose alibaki mlangoni akiangalia gauni la kahawia likienda, kikapu kimemwinamisha bega, na juu ya kichwa vile vipepeo vinne vyeupe vikicheza kila hatua. Aliviangalia hadi vikakata kona. Akarudi ndani kukunja blanketi.

Kethia alirudi kabla ya saa sita, kwa vichochoro vya nyuma. Hakuwa na kikapu. Gauni lilikuwa na masizi tumboni. Mkono wa kulia aliushika mbali na mwili wake, kama mtu aliyebeba kitu kinachovuja, na Yvrose alipousogelea aliona vidole vimepakwa rangi ya damu ya mzee hadi kwenye kiganja. Alidhani ni rangi. Akataka kuifuta, Kethia akapiga ukelele mmoja, na ndipo Yvrose alipoelewa kwamba ile ilikuwa sketi. Kitambaa kile hakiungui kama pamba. Kinayeyuka na kuganda penye ngozi.

Hakusimulia siku ile. Alisimulia kidogo kidogo, siku zilizofuata, na alimsimulia Yvrose peke yake, wakati wa kubadilisha kitambaa, macho yake yakiwa ukutani.

Alisema kizuizini alimkuta Jodnel, mtoto wa Madan Ilarion. Jodnel alisoma darasa moja na Yvrose shule ya msingi na alikuwa akinakili hesabu zake. Alichungulia kikapu, akaona mchicha, akampungia mkono apite. Kethia akapita. Alikuwa ameshayavuka matairi. Ndipo mwingine, aliyejifunga fulana usoni, akauliza, "Na hizo tepe je?"

Jodnel akamtazama. Wote wakamtazama, kisha wakamtazama Jodnel.

"Angeweza kusema nakwenda komunyo," Kethia alisema. "Dada, angeweza kusema chochote."

Lakini wenzake walikuwa wakimsubiri, na Jodnel akacheka. Akamwambia, "Kumbe wewe msomi. Sisi hapa tunakula moshi kwa ajili ya nani?" Akainua pindo la gauni kwa ncha ya fimbo, marinda yakaonekana, yamenyooka, bado na harufu ya wanga.

"Vua," walisema.

Alilia. Madan Ilarion aliiacha meza yake, ambayo iko hatua chache kutoka pale, akaja na mwiko mkononi. "Mwacheni mtoto wa watu."

"Mama, ndizi zako zinaungua," Jodnel alimwambia.

Hakurudi kwenye ndizi. Lakini hakusema neno lingine. Alifungua aproni yake, akainyoosha kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, na nyuma ya aproni hiyo Kethia akaivua blauzi na sketi chini ya gauni la mama. Mtu mmoja akatoa simu. Wakamwambia atupe mwenyewe. Akatupa. Wakapiga makofi, simu ikarudi mfukoni, na hapo ndipo Kethia alipoingiza mkono motoni kuiokoa sketi.

Hicho cha mwisho hakimo kwenye video. Video inamwonyesha msichana mwenye tepe nyeupe akitupa sare ya masista motoni, makofi yanalia, inakatika. Ilizunguka mji mzima, simu hadi simu, kabla Kethia hajaanza kuhisi maumivu sawasawa.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko lake, Madan Ilarion huja na chupa ya mafuta meusi ya mbarika. Hapigi hodi, hajawahi kuipiga katika nyumba hiyo. Anakaa kitandani, anauweka mkono wa Kethia kwenye paja lake, anapaka, anapuliza.

"Pole, mwanangu. Itachubuka, itaota mpya. Mafuta haya yalinitoa mimi kwenye moto mbaya kuliko huu."

Mama humshukuru. Kisha Madan Ilarion huenda mezani kwake na kusimulia vile anavyosimulia.

"Unamshukuru kwa nini?" Yvrose alimuuliza mama yake.

"Mafuta ni mazuri. Na aproni aliishika."

"Na anayosema?"

Mama alikuwa anafunga gunia. Alivuta kamba hadi ikamkata kidole. "Jodnel anakaa kizuizini, Yvrose. Mimi napita kizuizini na mkaa wangu kila siku ya Mungu."

Kwa masista alikwenda Yvrose, kwa vile mkaa haujiuzi. Sista Mkuu alimpokea barazani, hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza. Alikuwa mwanamke aliyechoka, macho mekundu, na simu aliishika kama anayeshika kitu kichafu alichokiokota.

"Nilisema sare marufuku," alianza.

"Ulisema, Sista."

"Nilisema kwa sababu hii hasa. Wasichana waliokuwa njiani asubuhi ile, walipoona moshi na kelele, walikimbilia migombani. Mmoja ametegua mguu. Wazazi wameiona hii. Baba mmoja ameniuliza kama ada yake inafundisha watoto kuchoma matairi."

Yvrose alimweleza. Alieleza polepole, hakuruka kitu, hata fimbo, hata aproni. Jina la Jodnel tu ndilo alilolimeza. Sista alisikiliza hadi mwisho, na Yvrose akaona amesikia, na bado hakuona mlango ukifunguka.

"Ulikuwepo?"

"Hapana, Sista."

"Mama yako?"

"Hapana."

"Basi una maneno ya mtoto, nami nina hii." Aliinua simu kidogo. "Sisemi Kethia ni mwongo. Nimemfundisha Kethia. Lakini siwezi kuwaambia wazazi mia mbili kwamba macho yao yamekosea kwa kuwa dada yake kasema. Niletee mtu mzima aliyekuwepo, anieleze kwa kinywa chake. Nitasimama naye mbele ya wazazi. Asipokuja hadi Ijumaa, nafasi itakwenda kwa mwingine. Kuna wanaosubiri."

Yvrose alishukuru. Alipofika getini Sista alimwita.

"Na akirudi, atavaa nini?"

Sista alikuwa ameshageuka kuingia ndani kabla Yvrose hajafungua kinywa.

Nyumbani alimkuta Kethia amechuchumaa pembeni mwa gunia la mama, kipande cha mkaa kwenye mkono wa kushoto, anaandika kwenye saruji ya sakafu. Herufi zilianguka ovyo. Alipomwona dada yake alizifuta kwa mguu. "Wamesemaje?" Yvrose akamwambia ukweli wote. Kethia akauliza, "Mtu mzima gani?" ingawa wote wawili walimjua.

Alhamisi mchana Yvrose alikwenda uani kwa Madan Ilarion. Alimkuta amekaa kwenye kigoda anamenya magimbi, beseni la maji kati ya miguu. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa. Viatu vya Jodnel vilikuwa kizingitini, vinanuka mpira ulioungua, na ndani mtu alikuwa anakoroma.

"Karibu, binti. Mkono?"

"Unachubuka."

"Si nilisema."

Yvrose alichutama, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye. Alimenya gimbi zima kabla ya kusema.

"Mama, yale unayosimulia mezani."

"Nimesema baya gani?" Madan Ilarion hakuinua macho. "Nimesema ana roho. Nani amewahi kusifiwa hivyo mtaani huu?"

"Hakutupa kwa kupenda kwake. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo." Alitupa ganda. "Sasa nisikilize, wewe una akili kuliko mama yako. Nikisema walimlazimisha, Kethia ni mtoto wa masista aliyekamatwa na sare. Kesho akipita, watamkamata tena, na safari hiyo sijui kama itakuwa sketi tu. Nikisema alitupa mwenyewe, ni mwenzao. Juzi alipita kwenda kwa mganga wa vidonda, walimpisha au hawakumpisha?"

"Walimpisha."

"Walimwita nani?"

"Komredi mdogo."

"Haya." Madan Ilarion aliosha gimbi. "Unadhani nasimulia kwa ajili ya kuuza ndizi?"

Aliyosema Madan Ilarion yalikuwa kweli, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo, kwamba yalikuwa kweli. Ndani, mkoromo ulikatika, ukaanza tena.

"Na Jodnel naye anakuwa hakufanya kitu," alisema.

Kisu cha Madan Ilarion kilisimama. "Jodnel ni mtoto wangu."

"Najua, mama."

"Serikali ikirudi watawatafuta waliokaa vizuizini. Watauliza nani alifanya nini. Mimi nina huyo mmoja."

"Sikumtaja kwa Sista. Na wewe usimtaje." Yvrose alikuwa akisema chini, akilielekeza kila neno kwenye beseni ili lisifike mlangoni. "Kethia anajifunza kuandika kwa kushoto. Anaandika sakafuni, tukiingia anafuta. Kesho nafasi yake wanampa mtu mwingine, na hatutapata nyingine, unajua hatutapata. Mtaani umempa njia ya kupita, nashukuru, lakini hana tena mahali pa kwenda. Sista hataki karatasi. Anataka mtu mzima aseme alichokiona. Sema tu kwamba aliambiwa avue, akavua, akaambiwa atupe, akatupa."

"Ataniuliza nani kamwambia."

"Atakuuliza."

"Nimwambie nini?"

Yvrose aliweka kisu ukingoni mwa beseni, akafuta mikono kwenye sketi, akasimama.

"Kesho kengele ya misa ya kwanza ikilia nitapita hapa nje. Sitaita, asije akaamka. Nitasimama tu. Twende wote, mama?"

Madan Ilarion alichukua gimbi lingine kwenye lundo, akaligeuzageuza mkononi, akitafuta upande wa kuanzia kisu.